Marisau hutawanywa na nini: kasi, mgandamizo, au kitu kingine?

Olimpiki ya Paris 2024 ilipofika kwenye mashindano ya kulenga visahani vinavyorushwa hewani kule Châteauroux, Adriana Ruano wa Guatemala alivunja visahani 45 kati ya 50 katika fainali na kuipatia nchi yake medali ya kwanza ya dhahabu katika historia yake ya Olimpiki. Kwa wanaume Nathan Hales wa Uingereza alivunja 48. Watazamaji wengi waliuliza swali lilelile: si bunduki ile humwaga marisau, zile punje ndogo za risasi, kama mvua? Sasa ugumu uko wapi?

Wamiliki wa bunduki nao wana ubishi wao, wa zamani zaidi. Wapo wanaoapa kwamba risasi yenye kasi kubwa hufungua marisau na kuyatupa ovyo. Wengine wanaapa kinyume chake: kadiri risasi inavyokwenda mbio ndivyo punje zinavyofika zikiwa zimeshikana, maana hazipati muda wa kuachana. Kila upande una mfano wake, na kila upande umeona kwa macho. Tatizo ni kwamba wote wanachanganya mambo mawili yasiyo sawa, kasi na mgandamizo, kisha wanasahau jambo la tatu ambalo ndilo lenye uamuzi: umbo la punje baada ya kutoka mtutuni.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Bunduki ya marisau ni ile inayorusha punje nyingi ndogo kwa mkupuo mmoja, tofauti na bunduki ya kawaida inayorusha kichwa kimoja cha risasi. Risasi yake ina ganda, mara nyingi la plastiki, lenye kitako cha chuma. Katikati ya kitako ipo fataki, inayoiwasha baruti. Juu yake ipo baruti, juu ya baruti kipo kikombe cha plastiki, na ndani ya kikombe zimo punje. Risasi ya Olimpiki hubeba gramu 24 za punje, na zikiwa za ukubwa wa milimita 2.4 zinakuwa takriban 300. Mtutu unaotumika ni wa geji 12, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 18.5 hivi. Namba hiyo ya 12 inatokana na kipimo cha zamani: ukigawa ratili moja ya madini ya risasi katika tufe 12 zinazolingana, kila tufe litatosha sawasawa ndani ya mtutu.

Mtawanyiko una kipimo chake pia. Unapiga kwenye karatasi kubwa iliyo umbali wa yadi 40, yaani mita 36.6, kisha unachora duara la inchi 30, yaani sentimita 76, mahali matundu yalipojaa zaidi, na kuhesabu ni asilimia ngapi ya punje zimeingia humo. Kila mtu akisema bunduki yake "inafunga", yaani inaziweka punje karibukaribu, au "inafungua", yaani inazitawanya, hicho ndicho kipimo anachopaswa kuonyesha.

Sasa kasi na mgandamizo. Kasi ni mwendo wa punje zinapotoka kwenye mdomo wa mtutu. Risasi nyingi za michezo na za ndege huwa kati ya mita 350 na 410 kwa sekunde. Namba hii huandikwa kwenye boksi, tena kwa herufi kubwa, kwa sababu inauza. Mgandamizo ni presha ya gesi inayozaliwa baruti inapoungua ndani ya ganda. Huu mara nyingi hauandikwi mahali mnunuzi anapoangalia. Kwa geji 12 ya kawaida, tume ya kimataifa inayoweka viwango vya silaha, CIP, imeweka kikomo cha baa 740 (baa ni kipimo cha presha), na kwa risasi za nguvu zaidi zinazohitaji bunduki iliyopimwa kwa ajili yake, baa 1,050.

Mgandamizo hauko sawa muda wote. Hupanda ghafla hadi kileleni wakati punje zimesogea sentimita chache tu kutoka zilipokuwa, katika muda usiofika milisekunde moja, kisha hushuka kadiri nafasi nyuma ya kikombe inavyopanuka. Punje zikifika mdomoni, uliobaki ni chini ya sehemu moja ya kumi ya kile kilele. Kasi ndiyo jumla ya msukumo wote wa safari hiyo nzima, lakini kilele ni nukta moja tu ya mwanzoni. Ndiyo maana risasi mbili zinaweza kutoa kasi ileile kwa mgandamizo tofauti kabisa. Baruti inayoungua haraka hupiga teke moja kali kisha huishiwa. Baruti inayoungua taratibu husukuma kwa upole zaidi lakini kwa muda mrefu. Wanaojaza risasi wenyewe wanalijua hili vizuri: katika majedwali yao, mapishi mawili yanayotoa mita 366 kwa sekunde kwa uzito uleule wa punje, moja laweza kuwa na kilele cha chini kidogo ya baa 500 na jingine zaidi ya baa 700. Kwenye boksi yangeandikwa namba ileile.

Kwa hiyo mtu anayesema "risasi hii ina kasi, basi ina presha kubwa" amerukia jibu. Huenda ni kweli, huenda si kweli.

Kinachotokea kwa punje ndani ya ile milisekunde ya kwanza ndicho kiini cha habari yote. Madini ya risasi ni laini, ukucha mkali unaweza kuyakwaruza. Fikiria tenga la nyanya lililotoka Ilula kwenda Dar es Salaam. Zile za juu hufika nzuri, na zile za chini kabisa hufika zimebonyea, kwa sababu zimebeba uzito wa wenzao wote na kila tuta barabarani limeongeza uzito huo. Punje za nyuma ndani ya kikombe ziko katika hali ya zile nyanya za chini. Zenyewe husukumwa mbele na gesi, lakini punje zilizo mbele yao hazitaki kuondoka mahali zilipo, na zile za nyuma hubanwa katikati.

Ukubwa wa ubanaji huo unashangaza. Chukua kilele cha wastani cha baa 600 ndani ya mtutu wa geji 12. Nguvu inayosukuma kitako cha kikombe ni sawa na uzito wa tani 1.6 hivi. Mzigo wenyewe ni gramu 28 za punje na gramu chache za plastiki. Ukigawanya, unapata kwamba kwa kitambo hicho kifupi zile gramu 28 zinakandamiza safu ya mwisho kana kwamba zina uzito wa karibu tani moja na nusu. Hakuna punje laini inayopita hapo ikabaki duara. Zinapata nyuso bapa pale zilipogusana, na zile za pembeni hukwaruzwa na ukuta wa mtutu kama hakuna kikombe cha kuzikinga. Ndiyo sababu vikombe vya plastiki vilipoenea katika miaka ya 1960, bunduki zilezile zilizotumiwa na baba zetu na risasi zenye vizibo vya sufi zilianza kufunga vizuri zaidi bila mtutu kuguswa.

Punje ikishabonyea, hewa inamaliza kazi. Punje duara hupasua hewa kwa usawa pande zote na kwenda karibu na mstari wake. Punje yenye ubapa upande mmoja husukumwa pembeni na hupungua mwendo upesi kuliko wenzake. Hivyo kundi linapanuka kwa upana, na linarefuka pia: punje nzuri zinatangulia, mbovu zinabaki nyuma. Kwenye karatasi urefu huo hauonekani, kwa sababu karatasi haiendi popote na inangoja hadi punje ya mwisho ifike. Kisahani kinachokimbia hakingoji.

Basi mgandamizo mkubwa hutawanya, lakini kwa kupitia mlango huo: unaharibu umbo. Ukizuia uharibifu, mgandamizo unakosa njia ya kufanya madhara. Watengenezaji wanalijua hilo na wana dawa kadhaa. Wanachanganya antimoni kwenye madini ya risasi ili yawe magumu, na risasi nzuri za mashindano hufika asilimia tano hivi. Wanapaka punje shaba au nikeli. Katika risasi za punje kubwa wanajaza unga wa plastiki kwenye nafasi zilizo katikati ya punje ili zisigongane. Au wanapunguza mzigo: gramu 24 ndani ya mtutu wa geji 12 ni safu fupi kuliko gramu 36, na safu fupi ina maana punje za nyuma zimebeba wenzao wachache.

Hapo ndipo ule ubishi wa mwanzo unapofunguka. Aliyeona risasi ya kasi "ikifunga" huenda alinunua risasi ya mashindano yenye gramu 24 za punje ngumu, akailinganisha na risasi ya bei nafuu yenye punje laini. Kasi ilikuwa kubwa zaidi, ni kweli, lakini kilichofunga ni ugumu wa punje na ufupi wa safu. Aliyeona risasi ya kasi "ikifungua" huenda alichukua mzigo mzito wa punje laini uliosukumwa kwa nguvu zote. Wote wawili waliona sawa, ila sababu walizozitaja si zenyewe.

Je, kasi yenyewe, ukiitenga na mgandamizo, haina neno? Inalo, ila dogo. Ukinzani wa hewa hukua upesi kuliko kasi inavyokua: ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani unakaribia kuongezeka mara nne. Kwa hiyo kila kasoro ndogo ya umbo hulipishwa zaidi punje inapokwenda mbio. Ndiyo sababu risasi mbili zenye punje zilezile, mzigo uleule na mtutu uleule, moja ikiwa na kasi zaidi, mara nyingi ile ya kasi hupoteza pointi chache za asilimia ndani ya duara. Hoja ya kwamba punje "hazipati muda wa kuachana" haisimami, kwa sababu mwendo wa kwenda pembeni unatokana na mwendo wa kwenda mbele. Kimoja kikikua, kingine nacho hukua.

Na kasi hiyo uliyoinunua inayeyuka njiani. Ukiongeza mita 30 kwa sekunde mdomoni, punje zikifika umbali wa mita 35 hadi 40, katika zile 30 zimebaki kama 10. Zile 20 nyingine zimeliwa na hewa. Bega lako, hata hivyo, lilipokea teke la zote 30. Sioni biashara nzuri hapo kwa mtu anayewinda kanga au kwale, na nasema hivyo nikijua wapo walengaji hodari wanaopenda risasi za kasi kwa sababu zinapunguza kidogo umbali wa kulenga mbele ya ndege anayeruka. Hiyo ni haki yao. Lakini wasiseme wanafanya hivyo kwa ajili ya mtawanyiko.

Kuna jambo moja la mgandamizo ambalo halihusu umbo la punje: gesi inayobaki mdomoni. Kikombe kikitoka huku gesi nyingi bado ikikisukuma, kinaweza kuzigonga punje kwa nyuma kabla hazijajitenga nacho, na kundi likavurugika katikati. Kwa kawaida majani ya kikombe hufunguka, hewa inakirudisha nyuma, na punje zinaendelea peke yake. Baruti ya taratibu mno ndani ya mtutu mfupi ndiyo yenye hatari zaidi ya kuleta vurugu hii. Kwa hiyo mgandamizo mdogo wa kilele si baraka isiyo na masharti.

Bwana mkubwa wa mtawanyiko, pamoja na hayo yote, ni choki: ule mbano mdogo kwenye mdomo wa mtutu. William Rochester Pape, fundi wa Newcastle, Uingereza, aliisajili mwaka 1866, na katika miaka ya 1870 mafundi wa Birmingham wakaieneza. Mtutu usio na mbano wowote huingiza kama asilimia 40 ya punje kwenye lile duara. Mbano wa robo milimita, 50. Nusu milimita, 60. Mbano kamili wa karibu milimita moja, 70. Angalia ukubwa wa ngazi hizo: kubadilisha choki kunakupa pointi 30 kutoka mwanzo hadi mwisho, wakati kubadilisha kasi ndani ya mipaka ya kawaida kunakuhamisha pointi chache tu. Anayetaka kufungua au kufunga aanzie hapo.

Urefu wa mtutu hauhusiki, ingawa wengi wanaamini mtutu mrefu hufunga. Unaongeza kasi kidogo na unasaidia jicho kufuata mstari. Na zile risasi ndefu zenye mzigo mkubwa zinazosifiwa kwamba "zinafika mbali" hazifiki mbali kuliko wenzake. Zina punje nyingi zaidi, na nyingi kati ya hizo zimebonyea.

Chuma kimebadilisha hesabu. Marekani ilikamilisha kupiga marufuku madini ya risasi katika uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, kwa sababu bata huokota punje zilizozama matopeni wakidhani ni changarawe, wakafa kwa sumu. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa maeneo yote ya ardhioevu mwaka 2023. Mkataba wa kulinda ndege wa majini wahamao kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unazitaka nchi ziache punje hizo katika ardhioevu, na ningependa kuona jambo hilo likizungumzwa zaidi kwetu, maana ndege wale ndio hao wanaotua katika maziwa yetu. Punje ya chuma haibonyei. Ibane utakavyo, inatoka duara ilivyoingia. Kwa hiyo inafunga hata kwa choki ya wastani, na ukiipitisha kwenye choki kali ya bunduki ya zamani unaweza kuharibu mtutu. Lakini chuma ni chepesi, gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11.3 za madini ya risasi, na kwa hiyo hupoteza mwendo upesi. Hapa ndipo watengenezaji wana sababu ya kweli ya kuongeza kasi, wakati mwingine hadi zaidi ya mita 450 kwa sekunde. Na kwa kuwa umbo haliharibiki, kasi hiyo haileti hasara ileile ambayo ingeleta kwa punje laini.

Hewa nayo ina sehemu yake, na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuijali. Nairobi iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,700, na uzito wa hewa yake ni pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa. Hewa nyepesi huisumbua punje kidogo, kwa hiyo bunduki ileile na risasi ileile hufunga zaidi Nairobi. Mlengaji akishuka pwani, akaona karatasi yake imefunguka, asiilaumu risasi kabla ya kuikumbuka hewa. Joto lina pande mbili: hewa ya joto ni nyepesi, lakini baruti iliyopata joto kali huongeza mgandamizo. Boksi la risasi lililoachwa juani ndani ya gari siku nzima halitafanya kazi kama lililokaa kivulini.

Lipo suala la usalama ambalo haliwezi kupitwa. Mgandamizo ndio unaopasua mtutu, kasi haipasui. Bunduki nyingi za zamani zilizorithiwa katika familia zina chumba cha risasi chenye urefu wa milimita 65 au 70. Risasi ya milimita 76, yaani urefu wa ganda lake likishafunguka, inaweza kuingia humo vizuri kabisa, kwa sababu ganda likiwa limekunjwa mdomo ni fupi. Likifyatuliwa, mkunjo hufunguka ndani ya sehemu nyembamba ya mtutu, njia inazibwa, na mgandamizo unapanda kupita kiasi. Soma urefu ulioandikwa kwenye mtutu. Kama hausomeki, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni kabla ya kuweka kitu chochote humo ndani.

Nirudi kwa wanaodhani bunduki ya marisau haihitaji kulenga. Kwenye umbali mfupi, mtutu usio na choki huachanisha punje kwa takriban sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Kwenye mita tano, kundi zima ni dogo kuliko sahani ya chai. Hakuna mvua hapo. Ruano na Hales walipaswa kuliweka kundi lisilofika upana wa mita moja juu ya kisahani cha sentimita 11 kinachoondoka mbele yao kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa.

Na wanaodhani punje ndogo haziendi mbali wasome kanuni ya Journée, afisa wa jeshi la Ufaransa: zidisha kipenyo cha punje kwa milimita mara 80, utapata kwa mita umbali wa mwisho inaoweza kufika. Punje ya milimita 2.4 inafika kama mita 190. Punje za milimita 8.4 zinazotumika kwa wanyama wakubwa zinafika zaidi ya mita 650. Kanuni hiyo haina nafasi ya kasi kabisa, kwa kuwa hewa inameza ziada yote kabla punje haijagusa ardhi.

Anayetaka kujua bunduki yake inafanya nini na risasi fulani hana njia ya mkato. Aende kwenye uwanja wa kulengea ulioruhusiwa, atundike karatasi ya upana wa mita 1.2, apime mita 36.6 kwa futi kamba, na apige risasi kumi, kila moja kwenye karatasi yake. Moja au mbili hazitoshi, maana risasi zilizotoka boksi moja hupishana kwa pointi kadhaa bila sababu inayoonekana. Afungue ganda moja zima, ahesabu punje zilizomo, kisha ahesabu matundu ndani ya duara na kugawanya. Akitaka kulinganisha kasi mbili, ahakikishe ukubwa wa punje, ugumu wake, uzito wa mzigo na choki vyote ni vilevile. Kama kimoja kimebadilika, anachopima si kasi.